Gemu ya Zamani Ikitengenezwa Upya, Tuihukumu Vipi? Somo la Uhakiki kutoka Midgar na Mbalibali

Wanachuo wenzangu, naanza kwa kukiri. Semista iliyopita niliandika insha ya kurasa mbili nikapata alama mbovu kuliko zote tangu niingie mwaka wa kwanza. Kozi ilikuwa ya uhakiki, na mhadhiri alituruhusu kuchagua kazi yoyote ya sanaa iliyosimuliwa zaidi ya mara moja. Wenzangu walichukua ngano, tamthilia na filamu. Mimi nikachukua gemu, Final Fantasy VII Remake. Nikaandika kwa hasira kwamba wameiharibu, wameirefusha bila sababu, na kwamba ile ya zamani ndiyo yenyewe. Insha iliporudi, chini yake kulikuwa na swali moja kwa kalamu nyekundu: "Imeharibika kwa nani?"

Nilikasirika siku mbili. Siku ya tatu nikaona kwamba sikuwa na jibu. Makala haya ndiyo jibu langu, na nimeyapanga kama somo ili yakufae hata kama hujawahi kushika pedi ya gemu maishani mwako.

Kwanza, tulichokijua sisi

Nimezaliwa na kukulia Mbalibali, Wilaya ya Serengeti, mkoani Mara. Nilipokuwa darasa la pili, kaka yangu alikuwa amemaliza kidato cha nne, na hela ya kuendelea haikuwepo. Akafungua banda: TV ya chogo, PlayStation ya kwanza iliyochoka, pedi mbili, na jenereta ndogo aliyokuwa akiinunulia mafuta Mugumu. Watu wengi walikuja kucheza mpira. Lakini kwenye boksi alilonunulia ile mashine kulikuwa na diski moja ya Final Fantasy VII. Moja tu. Gemu kamili ilikuja na diski tatu.

Tatizo la pili lilikuwa kubwa zaidi: hatukuwa na memori kadi. Kwenye PlayStation ya kwanza, bila memori kadi huhifadhi kitu. Ukizima, kesho unaanza sifuri. Kwa hiyo kila Jumapili jioni, wacheza mpira wakishaondoka, kaka alianza upya: treni inaingia kituoni, Cloud anaruka chini, Barret anatangulia, wanakwenda kulipua kinu cha nishati. Tulifika mbali kadiri mafuta yalivyoruhusu. Mara mbili tulifika kwenye pikipiki, pale mashujaa wanapokimbia kutoka jijini kwa barabara kuu. Mara zote mbili jenereta ilikata.

Jiji hilo linaitwa Midgar. Kwa wachezaji wengi duniani, Midgar ni utangulizi tu, saa tano au sita hivi, kisha ulimwengu mzima unafunguka. Kwetu sisi, Midgar ndiyo ilikuwa gemu yote. Ndani ya banda lile hakuna aliyejua kwamba kuna maisha nje ya ule ukuta.

Jambo la tatu: gemu ya zamani haina sauti za wahusika. Maneno yote yanaandikwa kwenye visanduku, kwa Kiingereza. Sisi wadogo tulikuwa tunasimama nyuma ya kaka, naye anatusomea kwa Kiswahili, akichomeka Kikuria pale utani ulipohitajika. Barret, lile jitu lenye bunduki badala ya mkono wa kulia, alipewa sauti ya mzee mmoja wa kijijini ambaye akiongea hata ng'ombe wanasimama. Tulicheka hadi machozi.

Shikilia mambo haya matatu: diski moja, hakuna memori kadi, na sauti ya kaka. Tutayarudia.

Pili, kazi yenyewe

Final Fantasy VII ilitolewa na kampuni ya Square ya Japani mwaka 1997. Ni gemu ya kuigiza uhusika: unaongoza kundi la watu katika hadithi ndefu, wanakua nguvu, wananunua silaha, wanapigana kwa zamu. Mwongozaji alikuwa Yoshinori Kitase, wahusika wakachorwa na Tetsuya Nomura, na muziki ukatungwa na Nobuo Uematsu. Hadithi yake: kampuni kubwa ya umeme iitwayo Shinra inanyonya uhai wa sayari na kuugeuza nishati. Matajiri wanaishi juu ya sahani kubwa za chuma, maskini wanaishi chini yake, mahali jua halifiki vizuri. Kikundi cha Barret kinaamua kulipua vinu.

Mashabiki waliomba itengenezwe upya kwa miaka mingi. Juni 2015, kwenye maonyesho ya E3 mjini Los Angeles, kampuni (sasa ikiitwa Square Enix) ikatangaza kwamba kazi imeanza. Ikatoka tarehe 10 Aprili 2020 kwa PlayStation 4, Nomura akiwa mwongozaji, pamoja na Naoki Hamaguchi na Motomu Toriyama. Ndani ya siku tatu zilisambazwa na kuuzwa nakala zaidi ya milioni 3.5. Sehemu ya pili, Final Fantasy VII Rebirth, ilifuata tarehe 29 Februari 2024.

Hapa tutenganishe maneno mawili ambayo wengi tunayachanganya. Kung'arisha ni kuchukua kazi ileile na kuisafisha picha: hadithi, mapigano na ramani vinabaki vilevile. Final Fantasy VIII Remastered ya 2019 ni mfano wake. Kutengeneza upya ni kujenga nyumba mpya kwenye kiwanja cha zamani. Mhakiki anayelaumu nyumba mpya kwa kutokuwa na mlango uleule wa zamani amekosea swali. Lakini pia mjenzi aliyeahidi "nyumba ya babu yenu" hawezi kukwepa kuulizwa babu yuko wapi. Ubishi wote kuhusu gemu hii uko kati ya hizo sentensi mbili.

Tatu, wahakiki walisema nini

Metacritic, tovuti inayokusanya alama za wahakiki, ilionyesha wastani wa 87 kwa 100. Ukiangalia namba hiyo tu utasema: poa, wameipenda, tuendelee. Lakini wastani unaficha. Ukiwasoma wenyewe unakuta sifa na lawama zinazogongana juu ya jambo lilelile.

Walisifu mapigano. Gemu ya zamani ilikuwa ya kusubiri zamu. Hii mpya unakimbia na kupiga moja kwa moja, lakini ukitaka kutoa amri dunia inapunguza mwendo ili ufikiri. Wengi walisema huo ni upatanisho mzuri wa zamani na sasa. Walisifu muziki uliopangwa upya. Na walisifu mno jinsi watu wadogo wa hadithi walivyopewa uhai. Jessie, Biggs na Wedge, ambao mwaka 1997 walikuwa na mistari michache tu, sasa wana nyumba, wazazi, ndoto na vituko.

Walilaumu urefu. Saa tano au sita za Midgar zimekuwa zaidi ya thelathini. Kuna kutafuta paka waliopotea, kuna vichochoro vya kupita polepole, kuna korido ndefu zisizo na kitu. Walilaumu picha za baadhi ya maeneo. Mlango wa chumba cha Cloud ulikuwa na ukungu kiasi kwamba ukawa mzaha wa dunia nzima. Walilaumu pia jina: kasha halikusema kwamba hii ni sehemu ya kwanza tu, hadithi inaishia unapotoka jijini.

Halafu kuna mwisho. Anayetaka kucheza mwenyewe aruke aya hii na inayofuata. Watengenezaji wameingiza viumbe kama vivuli, ambao kazi yao ni kuhakikisha mambo yanakwenda kama yalivyokwenda. Mtu akitaka kufanya kitu kilichokuwa hakimo katika hadithi ya 1997, vivuli vinamzuia. Mwishoni mashujaa wanapigana na hivyo vivuli na kuvishinda. Maana yake kuanzia hapo hadithi haina tena wajibu wa kufuata ya zamani.

Wapo wahakiki waliosema huo ni ujasiri: watengenezaji wamemweka shabiki mkaidi ndani ya gemu, wakampa umbo la kivuli, kisha wakatukabidhi upanga tumpige. Wapo waliosema ni usaliti: tulikuja kuona hadithi tunayoipenda, mkatuletea hotuba kuhusu hadithi. Angalia kwamba wote wawili wameona kitu kilekile. Hawatofautiani juu ya kilichotokea. Wanatofautiana juu ya deni. Je, anayetengeneza upya anadaiwa nini, na anamdai nani?

Nne, mfano wa nyumbani

Usidhani swali hili ni la Wajapani. Hapa kwetu Mara, Butiama, ndiko alikozaliwa Julius Nyerere. Mwaka 1963 ilichapishwa tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare, kwa jina Julius Caezar. Angeweza kuiacha hapo. Mtu alikuwa rais, kazi alikuwa nazo. Lakini aliirudia akaisahihisha, na mwaka 1969 ikatoka upya kama Juliasi Kaizari. Tazama majina hayo mawili. La kwanza bado limesimama na mguu mmoja Ulaya. La pili limevaa irabu za Kiswahili, unalitamka bila kupinda ulimi.

Je, ile ya 1969 iliiharibu ya 1963? Swali linasikika la ajabu, kwa sababu hatuna mtu anayelia kwamba utoto wake ulikuwa ndani ya toleo la 1963. Angekuwepo, angelalamika. Na lalamiko lake lingekuwa la kweli kuhusu yeye, lakini lisingetosha kuhukumu kitabu. Hapo nikaanza kuelewa kalamu nyekundu ya mhadhiri.

Tano, kosa langu

Ukweli wenyewe, nilipoandika ile insha sikuwa nimeicheza gemu mpya. Nilitazama vipande kwenye simu, bando lilipoisha nikamalizia kwa kusoma maoni ya watu. Yaani nilidesa hasira. Malalamiko ya kwamba "Midgar imerefushwa" niliyachukua kwa mtu aliyecheza diski zote tatu. Mimi nilikuwa na haki gani ya kulalamika hivyo? Kwangu Midgar ndiyo ilikuwa dunia. Mtu aliponipa saa thelathini za dunia yangu, ningepaswa kuwa wa kwanza kushukuru, au angalau wa kwanza kuwa na lawama za kwangu mwenyewe.

Bumu lilipotoka, nikamwomba mwenzangu wa chumba aniazime PS4 yake wakati wa likizo fupi, nikachangia umeme na chakula. Nikacheza wiki mbili. Nikaona mambo mawili ambayo maoni ya mtandaoni hayakuwa yamenionyesha.

La kwanza ni mlipuko wa kinu. Katika gemu ya zamani, kikundi cha Barret kinatega bomu, kinu kinalipuka, mnakimbia. Katika hii mpya, bomu lao ni dogo. Shinra wenyewe ndio wanaokivunja kinu zaidi ili wawatupie lawama. Hapo watengenezaji wamewapunguzia mashujaa dhambi. Lakini baada ya hapo wanakulazimisha kupita mitaani, katikati ya vifusi, moto na watu wanaolia. Mwaka 1997 tulipita haraka. Kwa hiyo mkono mmoja umefuta hatia na mkono mwingine umeionyesha. Je, ni bora au mbaya zaidi? Mimi naona ni dhaifu zaidi kimaadili na ni nzito zaidi machoni. Unaweza kunibishia, lakini sasa tunabishana juu ya kitu, si juu ya hasira.

La pili ni Barret. Sasa ana sauti ya mwigizaji, anapaza, anahubiri, anaimba ushindi wake. Nikamsikia nikasema moyoni, huyu siye. Nikasimamisha gemu. Siye nani? Barret ninayemjua aliongea Kiswahili cha Mbalibali.

Sita, kwa kaka

Nilipokwenda nyumbani nilibeba vipande kwenye simu. Kaka sasa ana duka la vifaa vya sola, banda lilishakufa siku nyingi. Ada yangu ya sekondari ilitoka kwenye lile banda, hilo alijua na mimi nilijua, ila hatulisemi. Tukakaa nyuma ya duka, nikamwonyesha treni ikiingia kituoni.

Alitazama kimya. Barret alipoongea akacheka kidogo.

"Huyu anaongea kama mtangazaji wa mpira."

"Ndiyo Barret mwenyewe, kaka."

"Barret mwenyewe nilikuwa mimi."

Nikamwambia nimeandika insha kwamba wameiharibu hadithi. Akaniuliza hadithi ipi. Nikamkumbusha: Barret anapigana na kampuni kwa sababu walichoma kijiji chake wakati yeye hayupo. Kaka akanitazama, halafu akaangalia chini.

"Mdogo wangu, hiyo nilitunga. Kiingereza changu unakijua. Nusu ya vile visanduku sikuvielewa. Nyie mlikuwa mnasubiri, ningewaambia nini?"

Nilikaa kimya muda. Miaka yote hiyo nilikuwa nikiitetea "ile ya zamani", kumbe ninayoitetea haikuwahi kutengenezwa Japani. Ilitengenezwa Mbalibali, na kijana wa kidato cha nne, kila Jumapili, upya, kwa sababu hakuwa na memori kadi.

Kisha nikamweleza kitu ambacho hakukijua. Katika gemu ya 1997, baada ya kutoka Midgar, mahali ambapo sisi hatukufika kamwe, Barret anasimulia alikotoka: mji wa makaa ya mawe uitwao Corel. Shinra walijenga kinu pale. Kisha mji ukachomwa. Yeye hakuwepo ulipoanza kuungua.

Kaka alisimama. "Acha utani."

"Kweli kabisa. Ulitunga, lakini ulipatia."

Hakusema kitu. Akaingia dukani kumhudumia mteja, ila nilimwona anatabasamu peke yake akipima waya.

Saba, vitu vya kuondoka navyo

Nimeiandika upya ile insha, na safari hii nilianza na maswali manne. Yatumie kwa gemu, filamu, wimbo wa zamani uliorudiwa studio, au tafsiri.

Moja: Ni ya zamani ipi ninayoilinganisha? Sema ulikutana nayo wapi, kwa lugha gani, na ulifika wapi. Mhakiki asiyesema hilo anajifanya ana diski zote tatu.

Mbili: Watengenezaji waliahidi nini? Ukisafishiwa picha na umeahidiwa kusafishiwa picha, hudai nyumba mpya. Ukiahidiwa hadithi nzima ukapewa theluthi, dai.

Tatu: Badiliko hili linafanya kazi gani? Usiishie kwenye "wamebadilisha". Taja badiliko, taja limeondoa nini na limeleta nini, kama tulivyofanya kwa mlipuko wa kinu.

Nne: Lawama hii ni yangu au nimeikopa? Ukiona umeandika sentensi ambayo ungeweza kuikuta kwa watu elfu moja, ifute kwanza, ucheze au usome mwenyewe, kisha uone kama inarudi.

Na sasa nijibu swali la kalamu nyekundu. Imeharibika kwa nani? Kwa aliyetaka njia fupi ya 1997, korido zile ndefu ni hasara ya kweli, na wahakiki waliosema hivyo wana haki. Kwa aliyetaka hadithi ibaki na hatima yake, vile vivuli ni kero ya kweli. Kwangu mimi, haijaharibika. Ila kuna sauti moja haimo, na hakuna kampuni ambayo ingeweza kuiweka. Hilo silo kosa la gemu. Nililiandika kwenye insha kama kosa la gemu, ndiyo maana nilifeli.

Insha ya pili ilipata alama nzuri, lakini mhadhiri hakuacha kalamu yake. Pembeni ya aya ya kaka aliandika: "Huyu ndiye mtengenezaji wa pili. Mhoji vizuri." Likizo ijayo ninakwenda na daftari. Na memori kadi nimeshapata, ya mtumba, kwa fundi mmoja karibu na chuo. Diski tunayo bado. Safari hii jenereta haihitajiki, sola ipo, na kaka amesema tukitoka nje ya Midgar atasoma yeye.